Besi nne na sanduku la ami

Ijumaa nilikuwa na kazi ya hoteli Nungwi, Jumamosi taarabu ya harusi mjini. Ijumaa nilibeba gita langu la besi la Sadowsky, Jumamosi nikabeba jingine, Warwick Thumb. Jirani yangu mwenye gari, anayenipeleka kazini kwa bei ya ujirani, akalitazama begi la pili akauliza, "Ile ya jana imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika. "Sasa?" Nikaanza kumweleza. Tukafika Mnazi Mmoja sijamaliza, na yeye alishaacha kusikiliza tangu Magomeni. Namalizia hapa.

Nianze na ami yangu. Yeye alikuwa mpiga sanduku katika kidumbaki. Kwa asiyeijua, kidumbaki ni ndugu mdogo wa taarabu, wa mtaani, mwenye vishindo: fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa, mikwasa, waimbaji, na sanduku likishika chini. Sanduku lenyewe ni lile la mbao nyepesi lililokuwa likija na majani ya chai. Linapinduliwa, linatobolewa, mshipi wa kuvulia samaki unatoka katikati na kufungwa kwenye fimbo. Unalikanyaga lisiruke, ukiivuta fimbo sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Hakuna alama popote. Kuna sikio lako, na kuna jicho la mpiga fidla ukikosea.

Nilianza kulipiga nikiwa na miaka kumi na moja, vidole vimechanika hata kalamu skuli sishiki vizuri. Jambo moja la pale limenikaa mpaka leo. Kwenye sanduku noti haikai. Inasema "dum", imekwisha, na nafasi iliyobaki ni ya watu kucheza. Ndiyo maana besi yoyote nikiishika, wenzangu wakisikiliza inavyoanza kulia, mimi nasikiliza inavyokufa.

Besi yangu ya kwanza ya umeme sitaitaja jina, ilikuwa ya mkono wa tatu na haina kosa la mtu. Ilikuwa na noti moja mfu: noti ya re, chuma cha saba (vyuma ni zile fito zilizopachikwa shingoni) kwenye uzi mwembamba. Noti jirani zinalia sekunde nne, tano. Ile unaipiga inatoa "tup", kama imetiwa kitambaa. Nilibadilisha nyuzi mara tatu, nikamlaumu fundi, nikajilaumu mwenyewe. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba shingo ya besi nayo ni ubao unaotikisika, ina mtikisiko wake inaoupenda. Noti ikiangukia kwenye mtikisiko huo, shingo inaunyonya uzi nguvu zake na uzi unanyamaza. Besi nyingi zenye shingo ya maple iliyofungwa kwa skrubu zina kitu hicho, mara nyingi kati ya chuma cha tano na cha saba, kwenye uzi huo huo. Nikajifunza kuikimbia. Kila ikija re, mkono unaruka kwenda kuichukua chuma cha kumi na mbili, uzi wa pili. Noti ni ile ile, uzi mnene zaidi. Miaka sita niliishi hivyo.

Halafu nikapata mkataba wa bendi ya hoteli Muscat. Usiku sita kwa wiki, Wafilipino wanne na mimi. Mmoja wao alipokuwa anarudi kwao aliniuzia Fender Jazz Bass ya Marekani kwa rial 380, nikaona nimefika. Muundo huo umetoka mwaka 1960, miaka tisa baada ya Precision, besi ya Fender iliyoitangulia, na ukiushika unajua kwa nini haujafa. Shingo nyembamba karibu na funguo za kukazia nyuzi, mkono unalala wenyewe. Pikapu mbili (si zile za kubebea mchanga, nazungumzia sumaku zinazosikia nyuzi), na utamu wote upo katika namna unavyozichanganya. Ya nyuma peke yake inasema puani, inajibizana vizuri na ngoma. Zote mbili zikifunguliwa sawasawa, katikati panazama kidogo na mwimbaji anapata pa kukaa. Ila ukipunguza moja tu, chini ya taa zile za hoteli za kupunguza mwanga, unaanza kuvuma kama friji. Ndiyo tabia ya pikapu za koili moja, koili ni ule waya uliozungushiwa sumaku. Nilikuwa nasimama nikijigeuza geuza kama antena mpaka nipate upande wenye kimya, na wateja wakidhani ndiyo mtindo wangu wa kucheza.

StingRay ya Music Man niliinunua kwa hasira ya mvumo huo. Leo Fender mwenyewe alikuwa mmoja wa walioitengeneza, mwaka 1976, alipokuwa ameshaiuza kampuni yenye jina lake, na ndani wakatia saketi ya kukuza sauti inayokula betri ya volti 9. Pikapu ni moja, kubwa, ya koili mbili. Bernard Edwards wa Chic, bendi ya disko ya Marekani, alipiga StingRay, na nikitaka kumweleza mtu sauti yake namwambia kasikilize Chic, hana haja ya maneno yangu. Noti inaanza kwa kofi. Kwenye muziki wa kuchezea, hata fundi mitambo akiwa amelala inatoboa. Kwenye taarabu ni balaa, kama mtu anayepiga kelele msikitini.

Na ndiyo iliyoniaibisha. Kwenye besi za namna hii betri inawaka unapochomeka waya, haijali kama unapiga au umekwenda kulala. Tulikuwa na mapumziko ya siku kadhaa, nikaiacha kwenye stendi waya umo. Tuliporudi ilikuwa harusi kubwa, bwana harusi anaingia. Wimbo wa kwanza sauti ikaanza kukwaruza, wa pili ikawa nzi ndani ya kopo, wa tatu hakuna kitu. Mpiga kinanda alishika besi kwa mkono wa kushoto usiku mzima na hakunisemesha siku mbili. Sasa waya nauchomoa hata nikienda kunywa maji, na betri ya akiba imo mfukoni mwa begi, imefungwa kwa utepe isije ikagusana na funguo.

Sadowsky niliiwekea akiba miezi kumi na minne. Roger Sadowsky alikuwa fundi wa magita New York, akafungua karakana yake 1979, na jina lake lilisambaa zaidi baada ya kuishughulikia Jazz Bass ya 1977 ya mpiga besi Marcus Miller. Besi zake, ukizitazama haraka, ni Jazz Bass tu. Jirani yangu angesema nimenunua kitu kimoja mara mbili. Lakini mwili una vyumba ndani, umekombwa kupunguza uzito, yangu haifiki kilo nne na ina nyuzi tano. Saketi yake inaongeza tu sauti za chini na za juu, haina kupunguza, kwa hiyo hata ukiiharibu mipangilio unaiharibu kwa kiasi.

Siku ya kwanza nikaenda moja kwa moja kwenye chuma cha saba, uzi mwembamba. Re. Ikalia. Ikaendelea kulia, ikashuka taratibu bila kuvunjika, sawa na jirani zake wa kushoto na kulia. Nikaipiga tena na tena, peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta. Mtu akiniuliza hela zile zote zimenunua nini, ni hicho: noti zote zimekuwa za umri mmoja. Utamu wa sauti niliupata hata kwenye ile ya rial 380.

Kilichonishangaza ni kwamba usiku ule jukwaani mkono wangu wa kushoto uliendelea kuruka kwenda chuma cha kumi na mbili. Noti iko hapa, hai, mkono unaikimbia. Ilichukua karibu mwaka kuacha, na nilipoacha nikagundua kuna nyimbo mbili tatu ambazo re ya uzi mnene ndiyo inayofaa, ina kifua. Basi huko narudi, sasa kwa hiari yangu.

Uzi wa tano, ule wa noti ya si ya chini, mtikisiko wake ni kama 31 kwa sekunde. Usijidanganye kwamba spika za hoteli zinautoa. Zinatoa noti za juu yake, sikio la msikilizaji linajaza pengo. Mimi uzi ule nautumia zaidi kupumzisha mkono: noti ya mi ya chini naichukua chuma cha tano badala ya kukimbilia mwisho wa shingo.

Kuna waliokwenda mbali kuliko mimi. Dubai nilikutana na mpiga besi wa Lubumbashi mwenye Fodera, zile zinazotengenezwa Brooklyn tangu 1983, anazopiga Mmarekani Victor Wooten. Bei yake unapata gari dogo la Japani lililotumika, na chenji ya kulisajili. Akanipa nishike. "Yaya, ile gita iko nasema yenyewe," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaya ni ndugu mkubwa, na wallahi ilikuwa inasema. Hata ukiigusa kwa woga inatoa kitu kizima. Nilipiga dakika kumi nikamrudishia. Ilinifanya nicheze kwa uangalifu mno, kama mtoto aliyevishwa kanzu ya Idi akaambiwa asikae chini.

Thumb sasa, ile ya Jumamosi. Warwick ni Wajerumani, wako Markneukirchen, mji wa mafundi wa ala kwa karne nyingi. Mwili mdogo wa bubinga, shingo ya wenge, haujapakwa vanishi, umepakwa nta tu, ukiushika unashika mti. Miti yote miwili ni ya kwetu Afrika, wenge misitu ya Kongo, bubinga huko Kameruni na Gabon. Bubinga iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017 kwa jinsi ilivyokuwa ikikatwa, na ni mwaka 2019 ndiyo ala zilizokwisha kutengenezwa zikaachwa zipite. Ni nzito, na kwa kuwa mwili ni mdogo, shingo inataka kuinama. Bega langu baada ya miaka arubaini na kitu haliko radhi. Lakini taarabu tunapiga tumekaa vitini, ikalala pajani, uzito haunihusu.

Yangu haina vyuma shingoni, kama ile aliyopiga Jack Bruce, mpiga besi wa bendi ya Cream. Hilo ndilo lililonifanya niinunue. Kwenye rast, mojawapo ya makamu za taarabu, ile noti ya tatu haiko mahali ambapo chuma kimewekwa, iko katikati, na wapiga kanuni na fidla wanaijua. Kwa miaka nilikuwa nikiikwepa au naipiga vibaya na kuomba isisikike. Kwa Thumb nateleza kidole hadi sikio liseme "hapo", kama nilivyokuwa nikiivuta ile fimbo. Noti yake inakufa kwa mkoromo, mmm, kama mzee anayekubali jambo shingo upande.

Niliporudi Unguja karibu zote ziliugua. Kule zilizoea kiyoyozi, hapa ikaingia masika. Shingo ya Jazz Bass ikapinda mpaka nyuzi zikapanda juu kama kamba za kuanikia nguo. Robo mzunguko wa kile chuma cha ndani ya shingo, subiri siku mbili, robo tena. Mwenye haraka hukivunja. Thumb haikutikisika, labda inakumbuka misitu.

Mwezi wa kwanza huo nilizipeleka mbili Jang'ombe kwa ami. Macho yamepungua, masikio bado. "Shikamoo ami." "Marahaba mwanangu, hebu nione." Akaigonga Sadowsky kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akainamisha kichwa. "Ndani pana uwazi." Nikasema ndiyo. Nikachomeka kwenye amplifaya ndogo, nikapiga pole pole wimbo aliokuwa akiupenda. Akanyoosha mkono nisimame.

"Hii haijui kunyamaza. Itie kitambaa."

Nikakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinapoegemea mwilini. Dum. Dum. Akaanza kutikisa mguu. Sponji ile imo mpaka leo nikipiga mambo ya kwetu, naitoa nikienda hoteli, na ndiyo, najua nimefanya kazi miezi kumi na minne kupata noti isiyokufa halafu nikaiua kwa sponji ya shilingi mia tano.

"Umeinunua kiasi gani?" akauliza.

Ukweli ni milioni nane na kitu. Nikaondoa sifuri.

"Laki nane, ami."

Akanyamaza. Akaipapasa tena mwilini, mpaka kwenye funguo.

"Wamekuibia."