Miezi minne nikimtafuta Z.A.

Kwenye sanduku la bati la marehemu babu nilikuta kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne: hadithi fupi ya safu mbili, jina la gazeti limekatwa, na chini herufi mbili tu, Z.A., pamoja na nambari ya sanduku la posta la Mombasa. Niliisoma nimechutama palepale. Msichana anakamua nazi kwa kifumbu, tui zito kando, tui jepesi sufuriani, huku sebuleni wageni wanampangia mume. Basi, imeisha. Mpaka leo haijanitoka.

Lugha ilinipa mji: "ndia" kwa maana ya njia, "nti" kwa maana ya nchi, na "kuteka" kwa maana ya kucheka. Huyo ni Mmvita, mtu wa Mombasa, si mtu wa Unguja. Wakati ulikuwa mgumu zaidi. Tangazo la nyuma lina bei za shilingi, kwa hiyo ni baada ya 1921, sarafu za florini zilipoondoka, lakini hiyo ni miaka mingi mno. Kilichonisaidia ni redio ya jirani, ndani ya hadithi yenyewe, inayofunguliwa Sauti ya Mvita, kituo cha redio cha Mombasa cha kabla ya uhuru. Nikajua ni miaka ya mwisho ya ukoloni.

Vitabu vya simu vya zamani vilichapisha na masanduku ya posta. Nilipekua viwili, macho yakiuma, mpaka nambari ikaangukia duka la nguo ambalo sasa halipo. Nikajiambia: karani wa duka. Nikashuka Mji wa Kale kuulizia "babu mmoja, karani, aliyekuwa akiandika hadithi". Barazani wazee walinikaribisha kahawa chungu, na karani wa namna hiyo hakuna aliyemkumbuka.

Siku ya tatu bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye kifumbu akanikata.

"Mwanangu, ni nani alokwambia huyo ni mwanamume?"

Kakake Z.A. ndiye aliyefanya kazi dukani. Barua za dada mtu zilipitia huko ili baba asijue. Binti wa kaka yake alinitolea daftari lenye hadithi nyingine tano, mwandiko wa wino wa buluu, "ndia" zimejaa. Familia imeomba jina nisilitaje, nami nimekubali.

Usiku ule nilisahihisha maandishi yangu. Alizaliwa, aliandika, alituma: yote yalikuwa sawa. Nilifuta "babu" tu, mara kumi na moja.