Kadi za mtikisiko: wiki ya tano

Kadi ninazokusanyia maneno ya kutikisika, kila neno na kadi yake, zimefika 31. Wiki hii nimechana mbili, na moja imeniuma.

Ni ile ya *tetemeka*. Nilikuwa nimeandika kwa mbwembwe kwamba limetoka kwenye "tema" iliyorudufiwa, kama mtu anayetema maneno vipandevipande kwa baridi. Porojo. Shina ni *tetema*, lipo mpaka leo, na ndilo lililozaa mtetemo wa simu. *Tetemeka* limeongezewa mkia tu, nalo likatupa tetemeko. Nikapekua kwa jirani: Wabemba wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, wana *ukututuma*. Wanyarwanda *gutitira*, Wachewa *kunjenjemera*, Wazulu *ukuthuthumela*. Kote silabi ya kwanza ya shina inagongwa mara mbili. Alfajiri moja hapa Uyole, Mbeya, na baridi ya Julai mnaijua, nilijaribu kuomba maji ya moto kabla sijavaa sweta. Naanza kuamini meno ndiyo yaliyotunga neno hili.

*Tikisa* ni habari nyingine: lazima awepo mwenye mkono. Mti hautikisi wenyewe, unatikiswa. Kadi hii nimeipata sokoni Mwanjelwa, bila hata kuuliza. Nimeulizia bei ya sado ya viazi kwa mara ya tatu, mama muuzaji akacheka: "Kaka, wewe unatikisa kiberiti tu, hununui!" Yaani nampima nisikie kama ndani njiti zimo. Nikanunua, kwa aibu.

Sasa pa kukwama. Ardhi hutetemeka, lakini tetemeko lenyewe huitikisa nyumba. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la ukubwa wa takriban 7.4, limo kati ya makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika, na sisi tumejenga palepale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Kwa hiyo kitu kinachotetemeka kinageuka kuwa mtikisaji. Nimeziweka kadi hizo mbili bahasha moja, nimefungia na rababendi.

Kadi ya pili niliyochana ni *yumba*. Hiyo ni ya walevi na vyombo vya baharini, haikai na hizi.

*Kitapo*, mtetemeko wa homa, imeingia. Vijana wote niliowauliza hawakuijua. Bibi wa jirani aliijua, akanishangaa: "Mjukuu wangu, malaria hujawahi kuugua?"

Inayofuata ni *suka*: maziwa yanasukwa, nywele zinasukwa. Neno moja au mawili? Kesho nabeba kadi saluni.