Nilivyounganisha Claude na utafutaji wa kazi, kumbe shida ilikuwa print

Jamani hii imenikesha siku 2 hapa Pasua, Moshi. Mdogo wangu kamaliza uhasibu anatafuta kazi, nikasema ngoja niiunganishe Claude, ile AI ya kampuni ya Anthropic, na matangazo ya kazi kwa MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na programu na data za nje ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024, ili dada wa watu asiwe anafungua kurasa 20 kila asubuhi. Nikaandika seva ndogo kwa Python, yaani programu ya kuiletea Claude hayo matangazo, nikaiweka kwenye faili la mipangilio (la JSON) la app ya Claude kwenye kompyuta, nikiwasha tu inakata. Nikadhani ni bando, nikabadilisha ufunguo wa API, wapi! Kumbe ni ile print, amri ya Python ya kutoa maandishi, niliyoweka ili nione majibu. Seva ya MCP ikiongea na Claude kwa stdio, yaani njia za kawaida za programu kupokea na kutoa maandishi, basi stdout (njia ya kutolea, ambako print inaandika) ni ya ujumbe wa JSON-RPC peke yake, ule muundo wa ujumbe ambao MCP inatumia, ukichomeka maneno yako pale mazungumzo yote yanavurugika. Nikahamishia logi zote stderr, ile njia ya pembeni ya kutolea taarifa za makosa, nikaizima Claude kabisa, sio kufunga dirisha tu maana inaweza kubaki inaendelea kwa nyuma, nikaiwasha upya, ikashika! Jana dogo kauliza kazi za uhasibu Moshi na Arusha, zikaja na linki zake. Tarehe ya mwisho anaihakiki mwenyewe kwenye tangazo, hiyo hatuiachii mashine.