Nilivyojua Skyrim ni gemu yangu

Mimi nilikuwa mtu wa mpira na mbio za magari. Unawasha, unacheza dakika ishirini, unazima. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia bango nijaribu Skyrim, gemu ya kuzunguka dunia ya kubuni kwa hiari yako, iliyotoka mwaka 2011 na bado inapendwa. Nilisita kwa sababu ya bando, maana ni kama GB 12 za kupakua, na zaidi kwa sababu ya muda. Nikishatoka kazini, nikala, ninabaki na saa moja tu ya kwangu.

Kilichonipa moyo ni utaratibu wa Steam, duka la gemu la mtandaoni: ukiomba pesa yako ndani ya siku 14 tangu ununue, na hujacheza kufikia saa mbili, unarudishiwa. Basi nikazichukua saa hizo mbili kama kipimo.

Mwanzo usikudanganye. Unaamka juu ya mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kuuawa. Unachagua uwe nani kati ya jamii kumi, halafu joka linashuka na kila mtu anakimbia. Inasisimua kweli, ila muda wote huo unaongozwa, kwa hiyo haikuambii gemu yenyewe ikoje. Subiri mpaka utoke kwenye pango unalotorokea. Mwenzako uliyetoroka naye anakwambia twende kijiji cha Riverwood, anatangulia, na hakuna anayekulazimisha kumfuata.

Mimi sikumfuata. Niliona maua ya bluu kando ya njia, nikachuma moja, nikalila, gemu ikanifunulia kwamba linarudisha afya. Nikachuma jingine. Nikamkimbiza kipepeo hadi ukingoni mwa mto, samaki wanaruka kwenye maporomoko, nikasimama nawatazama. Pale kijijini mwenye duka akaniomba nimtafutie kucha yake ya dhahabu iliyoibiwa. Nikamwitikia, kisha nikarudi kwenye maua yangu.

Kutazama saa, nimebakiza dakika nane. Nikajiuliza swali moja: katika muda huu, nimefanya nini ambacho sikutumwa? Karibu kila kitu, na nilikuwa nimefurahi. Jibu nikawa nalo.

Rafiki yangu alijipima hivyohivyo, akaomba pesa yake. Yeye anataka upanga uwe na uzito mkononi, na adui amtoe jasho. Akahamia gemu nyingine, Elden Ring, ametulia huko. Na kama unachotaka ni shujaa mwenye sura na historia yake tayari, bila wewe kumuumba, mtazame Geralt wa gemu ya The Witcher 3.

Suala la muda nalo likaisha lenyewe. Skyrim unahifadhi popote ulipo, hata katikati ya pango, kwa hiyo saa yangu moja inatosha: naingia, natembea, nahifadhi, nalala.

Ile kucha ya dhahabu nilimrudishia mwenyewe wiki ya tatu.