Asidi Dhaifu Iliyoniunguza

Siku moja kabla ya mkasa huu, mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba asidi ya hidrokloriki ni kali na asidi ya asetiki ni dhaifu, nami nikayanakili maneno hayo daftarini bila kuuliza yanapima kitu gani. Sikio la Mswahili husikia “kali” ndani ya neno “tindikali” lenyewe, na kwetu kitu kikali ni kile kinachokata au kuchoma. Kwa hiyo nilijihesabia kwamba asidi dhaifu haidhuru.

Kesho yake nilitumwa maabara kusaidia kuzimua asidi ya asetiki iliyokolea kabisa, ile ambayo huganda kama barafu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Glavu zilikuwa mezani, nikaziacha. Tone moja liliteleza ubavuni mwa chupa likatua kwenye kidole gumba, na kwa kuwa halikuniuma papo hapo, nililifuta kwa suruali nikaendelea na kazi. Baadaye ngozi ikaanza kuwaka na kugeuka nyeupe, na mwalimu akanishikilia mkono chini ya bomba la maji kwa muda niliouona mrefu mno. Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Dhaifu kwa lipi?” Sikuwa na jibu.

Kidole kilipofungwa bandeji, alinipa sentimita za ujazo 25 za kila asidi, zote zikiwa na ukolezi sawa wa moli 0.1 kwa lita, nizipime kwa hidroksidi ya sodiamu, alkali inayoondoa asidi, nikiidondosha kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za vipimo, hadi kiashiria kigeuke rangi ya waridi asidi inapokwisha. Nilibashiri kwamba ile dhaifu ingemaliza alkali kidogo tu, lakini rangi ya waridi ilitokea kwenye flaski zote mbili bureti ikisoma karibu sawasawa. Ndipo aliponieleza kwamba katika mmumunyo ule, kati ya molekuli 100 za asidi ya asetiki ni kama moja tu iliyoachia ayoni yake ya hidrojeni, yaani chembe yake yenye chaji, ilhali za hidrokloriki huziachia karibu zote. Ila alkali inapozinyakua zile chache, molekuli zilizobaki huachia nyingine, hadi zote ziishe. Udhaifu, basi, haukuhusu wingi wa asidi wala madhara yake. Hata asidi ya hidrofloriki, alisema, ni dhaifu, nayo hupenya nyama ikafika mfupani.

Jioni nilifuta “haidhuru” niliyokuwa nimejiongezea daftarini, nikaandika “hutengana kidogo”, kwa mwandiko uliopinda kwa sababu ya bandeji.