Nilifuata twiga Oysterbay nikakutana na taa ya Goya

Basi la toka Songea sina la kusema, miguu ilivimba tu. Dada angu kaniagiza picha ya twiga ya sebuleni, so nikachukua bajaji Ubungo niende Morogoro Stores, Oysterbay hapo Dar, kwa wachoraji wa Tingatinga, tumekubaliana elfu nane, kufika jamaa anataka kumi na mbili eti foleni, sasa foleni nimeiweka mimi? Nikalipa huku nimenuna.

Twiga wapo kibao, ila kuna mzee kajikunja anahangaika na picha nyingine kabisa, simu kaiegemeza kwenye kopo la rangi anaangalizia.

"Shikamoo mzee, hii nini?"

"Marahaba mwanangu. Huyu Goya, Mhispania." Akanisogezea stuli, mchana wangu ukaishia hapo.

Picha yenyewe iko Madrid, makumbusho ya Prado, upana karibu mita tatu na nusu, Goya kaichora 1814. Ni usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1808, askari wa Napoleon wanawapiga risasi watu wa Madrid kwa sababu jana yake waliinuka kuwapinga Wafaransa. Askari wametupa mgongo, sura zao huoni hata moja, ni mtutu kwa mtutu. Chini kuna taa kubwa kama boksi, na mwanga wake unamvaa jamaa mmoja wa shati jeupe, kapiga magoti, mikono juu, macho yamemtoka pima. Wenzake wameziba nyuso, na waliokwisha kufa wamelala kwenye damu hapohapo mbele yake.

Nikasema afadhali hata kuna taa. Mzee akacheka, "Taa wamekuja nayo wauaji hiyo, walenge vizuri." Dah.

Shida yake ni rangi, hizi za makopo zinang'aa kotekote na Tingatinga hawanaga vivuli, kwa hiyo shati haliwaki mpaka vyote vya pembeni uvififishe. Halafu bila hata kunitazama akasema Tingatinga mwenyewe, yule aliyeanzisha uchoraji huu, polisi walimpiga risasi 1972 wakidhani mwizi.

Mi nikawaza kwetu, Wajerumani walivyowanyonga wazee wa Maji Maji 27 Februari 1906, kila mwaka tunakumbuka na sanamu zao zipo makumbusho, ila picha ya rangi inayoonyesha sura ya mtu dakika ile kamba inakuja sijawahi kuiona, na huyo mchoraji mwanga angeutoa upande wa nani?

Nikamuuliza mzee kama anaweza kuichora hiyo ya Maji Maji. Laki mbili, nusu kianzio. Laki mbili! Twiga wenyewe kaniuzia elfu thelathini na tano baada ya kubembelezana, na fremu hamna.