Mwarobaini na maji ya kiwandani

Jamani leo binamu yangu anayesoma Arusha kanionyesha kitu maabara kwao, kachemsha majani ya mwarobaini akachuja, akamimina kwenye maji yenye chumvi ya chuma, palepale yakawa meusi kama wino! Kumbe ndo chembe za nano hizo, yaani vipande vidogo mno vya chuma, chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hadubini ya kawaida huzioni. Akazitia kwenye maji ya njano yenye kromiamu 6, ile aina ya metali ya kromiamu ya kusababisha kansa, njano ikaisha taratibu, inageuka kromiamu 3 ambayo sumu yake ndogo na inatuama chini. Ila tope linabaki na metali, huwezi kumwaga shambani, na kufaulu kwenye chupa ya maabara sio kufaulu kwenye mtaro wa maji machafu ya kiwanda cha ngozi bana. Kaagiza majani mengine, kesho namtumia gunia kwa basi toka Moshi